Jina Lililosomwa Kaburini kwa Mama Yako

Sauda mwanangu,

Alasiri inakwisha na ukungu umeanza kupanda kutoka bondeni. Nimekaa nyuma ya jiko, daftari la jiografia magotini, na kesho saa kama hizi utakuwa Bungu kwa Bibi Nuru. Najua utashangaa kuona nimekuandikia barua na hali tuko nyumba moja, umbali wa ukuta mmoja wa udongo. Lakini unanijua. Nikiwa na jambo zito ulimi unajikunja, na hili nikianza kulisema kwa mdomo nitalia kabla sijafika katikati, kisha wewe ndiye utakayenibembeleza mimi. Usome kidogo kidogo. Palipo pagumu ruka, utaparudia ukiwa mkubwa.

Wasichana wa shuleni kwetu waliwahi kunisikia nikisema "mwanangu" wakaulizana Hadija amezaa lini. Nikawaambia ninaye mtoto, yuko darasa la nne. "We Hadija," mmoja akasema, "ulimzaa ukiwa chekechea?" Wakacheka mpaka kengele ikagonga. Niliona haya lakini sikulibadilisha neno. Mama yako alikuwa dada yangu, mimi ni mama yako mdogo, na mama mdogo ni mama hata kama yuko kidato cha tatu na bado anaogopa kwenda chooni bila tochi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kupiga mswaki. Bibi amekwambia hayo tangu juzi na atakwambia tena asubuhi. Nataka nikuandikie habari ya hofu, kwa sababu hiyo ndiyo mimi ninayoijua vizuri, na kwa sababu sehemu yake umeipata kwangu.

Mimi nilianza kuogopa kaburi nikiwa na umri kama wako. Siku ya soko nilinunua pale Soni kijitabu chenye picha ya moto na nyoka kwenye jalada. Nilikisoma nikiwa nimekificha ndani ya kitabu cha hesabu. Humo nikajua kwamba mtu akishafukiwa na watu wakaanza kuondoka, anasikia viatu vyao vikienda. Halafu wanakuja malaika wawili, Munkari na Nakiri, wanamkalisha na kumuuliza: Mola wako ni nani, dini yako ni ipi, Mtume wako ni nani. Nikaanza kufanya mazoezi ya kujibu, kitandani, njiani, hata kwenye foleni ya bomba. Nilijua majibu yote. Nilichoogopa ni kwamba mimi nikiulizwa na mwalimu swali ninalolijua, bado nanyamaza. Sasa huko je?

Na ile njia ya Siraati ya kuvukia juu ya moto, nyembamba kuliko unywele, mimi niliiona kama lile gogo la mti wa mwati linalovuka mto kwenda kwenye bustani zetu za kabichi. Siku moja ya mvua nilikuwa nimejitwika tenga, nikafika katikati ya gogo, nikawaza, ndivyo itakavyokuwa. Nikafumba macho. Nikaanguka mtoni. Mama yako alikuwa mbele yangu, akarudi akanivuta kwa kola, huku tenga limeshakwama ng'ambo kwenye majani.

"Kabichi zimevuka," akasema, "wewe umebaki."

Nilikuwa nalia, nikamweleza nilichokuwa nawaza. Akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. "Hadija, huko mtu anavuka na matendo yake. Nani kakwambia tutabebeshwa kabichi?"

Mama yako alikuwa hivyo. Alisali haraka haraka na kuimba akilima, na kama kuna mtu alikuwa na ugomvi naye alimfuata siku ileile wakamaliza. Sikumwona akiogopa. Mimi nilimwogopea. Nilidhani mtu asiyeogopa hajajiandaa.

Ndiyo maana alipokufa masika yaliyopita, kwa ile homa iliyomshuka kifuani, mimi nilichukua vile vijitabu nikakusomea wewe. Nilidhani nakufundisha. Nilikuonyesha hata picha. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuogopa naye, na wewe ulikuwa karibu, na ulikuwa ukiniamini. Ningekuwa na akili ningekusimulia habari ya tenga la kabichi. Ndiyo naisimulia leo.

Sasa nije kwenye siku ya mazishi, kwa sababu habari unayoijua uliisikia vipande vipande kupitia mlangoni.

Unajua kwamba Bibi, aliyenizaa mimi, hakumzaa mama yako. Aliyemzaa ni Bibi Nuru. Babu alimwoa Bibi Nuru kwanza, wakaachana mama yako akiwa bado anatambaa, na kwa desturi yetu mtoto akabaki kwa baba. Bibi Nuru akarudi kwao Bungu. Bibi alipoolewa hapa alimkuta mama yako ana kikohozi na amevaa gauni lililolowa, akambeba mgongoni, na hakumshusha tena mpaka alipoweza kukimbia mwenyewe. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo nilipojua kwamba dada yangu ana mama mwingine. Yeye mwenyewe alinitajia kama mtu anayetaja kijiji.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Bibi Nuru alipigiwa simu alfajiri, lakini barabara ya Bungu ilikuwa imekatika kwa tope, na wazee wakasema maiti haiwekwi. Wanaume wakashuka na jeneza hadi makaburini, kule chini kwenye miti ya miwati. Sisi wanawake tukabaki nyumbani, wewe ukiwa umelala kwenye mapaja ya Bibi macho wazi.

Kule makaburini, wakishamaliza kufukia, Maalim huchuchumaa upande wa kichwa akasoma talkini. Anamwita marehemu na kumkumbusha majibu, kwamba ukiulizwa sema hivi na hivi, usibabaike. Katika talkini mtu haitwi kwa jina la baba. Anaitwa kwa jina la mama yake. Kwa hiyo Maalim akainua kichwa akamuuliza Babu, "Mama yake nani?" Na Babu, akiwa na udongo mikononi, akasema, "Mwanaidi."

Akamtaja Bibi. Walikuwepo wazee wanaojua, lakini nani atamkatiza mtu aliyefiwa na binti yake, na Maalim ameshaanza? Mama yako akaitwa Rukia binti Mwanaidi, akaambiwa majibu yake, na watu wakapanda kurudi.

Bibi Nuru aliingia uani baada ya adhuhuri, viatu mkononi, tope hadi magotini. Hakulia. Alisimama mbele ya wanaume waliokaa kwenye mkeka, akauliza, "Mmemwita binti nani?"

Mzee Hoza, jirani yetu, akakohoa. Mwingine akatazama chini. Babu ndiye aliyejibu, na alijibu ukweli. "Nimesema Mwanaidi. Ndilo lililonitoka."

Bibi Nuru akakaa chini palepale kwenye tope. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwanangu hakujua kama anaitwa yeye."

Wewe ulikuwa mlangoni. Nilikuona ukilisikia. Nami nikaogopa, kwa sababu katika vijitabu vyangu vyote hapakuwa na ukurasa wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Nikawaza, wamekuja wale wawili, na yeye amekaa gizani anasubiri kuitwa, na hakuna aliyemwita. Bibi alijifunika kanga usoni. Jioni aliniambia neno moja tu, "Mimi sikuiba jina la mtu," na hajalirudia hadi leo.

Ukaanza kuchelewa kurudi shuleni. Kwanza ulisema mmefagia darasa. Halafu ukasema mmechota maji ya mwalimu. Siku moja nilikufuata. Nilikuta umepiga magoti kwenye kaburi, mkoba mgongoni, unagonga udongo kwa ngumi kama mtu anayebisha hodi. Ulikuwa unasema, "Mama, ni wewe. Yule Rukia ni wewe. Binti Nuru. Mola wako ni Mwenyezi Mungu." Kisha ukaweka sikio chini.

Sikukuita. Nilirudi nyuma kimyakimya nikakaa njiani. Mtu mzima angekwenda kukushika mkono. Mimi nilikuwa najiuliza kama kweli ungesikia kitu, na kama ungesikia, ni kitu gani. Ulipopita ukanikuta nimekaa, ukaniuliza, "Mama mdogo, alisikia viatu vya Babu vikiondoka?" Nikasema sijui. Tukapanda pamoja.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim. Nilisubiri watoto wote wa madrasa watoke, kisha nikasimama mlangoni nimevuta ushungi hadi machoni.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Umesahau juzuu?"

"Hapana. Nina swali."

"La shule au la dini?"

"La kaburi."

Akaweka kikombe chini. "Basi kaa. Swali la kaburi haliulizwi kwa kusimama."

Nikamweleza yote, nikitazama kikombe. Aliposikia habari ya wewe kugonga udongo alifumba macho. Nilimuuliza kama dada yangu alisikia alipoitwa binti Mwanaidi.

"Nilimwita kwa jina nililopewa na baba yake," akasema. "La mama mzazi nimelijua baadaye. Sasa nikuulize mimi. Mtu akifa na mama yake hajulikani, nasomaje?"

"Sijui, Maalim."

"Namwita mwana wa Hawa. Nimewasomea hivyo watu wawili watatu, wasafiri waliofia barabarani. Hawa yuko mbali, binti yangu. Mwanaidi yuko karibu zaidi. Na wako wenzetu wa msikiti wa chini, wao talkini hawasomi kabisa, na maiti wao wanaulizwa vilevile."

"Kwa hiyo alisikia?"

"Mimi kazi yangu ni kusoma. Wa kumsikilizisha aliye kaburini si mimi. Na wale wanaokwenda kumuuliza hawatumwi na mimi, wala hawaendi na jina nililowapa mimi. Aliyewatuma anajua anamtaka nani."

Nilipata ujasiri ambao sijui ulitoka wapi, nikamuuliza, "Maalim, wewe unaogopa?"

Alicheka kidogo. "Kila nikichuchumaa pale nawasomea wao, najisomea na mimi. Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Maneno yale yalinitosha kwa njia nzima. Nilipofika nyumbani yalikuwa yameshapungua, na nilipokaa nawe nikakosa namna ya kuyasema. Nikakwambia tu, "Maalim amesema hakuna shida."

"Ndivyo anavyosema fundi wa simu," ukanijibu, "halafu simu haiwaki."

Ulikuwa na haki. Nimelibeba jibu lote la Maalim miezi yote hii bila kukupa. Hapo juu nimeliandika zima.

Wiki hii Bibi Nuru akaja tena. Alikaa na Babu kwenye benchi nje, na wewe ulikuwa nyuma ya mlango na sahani ya mihogo uliyotumwa uipeleke. Ulisikia haya, nami niliyasikia kutoka dirishani:

"Baba Rukia, sikuja kugombana. Mlimlea Rukia nyinyi, na alipokufa mkampa jina la Mwanaidi. Mimi nimebaki mikono mitupu. Nipeni mjukuu wangu."

Babu akasema, "Haya. Unayo haki." Bibi alitoka akaenda bustanini na hakuwa na jembe.

Baadaye ulinifuata kwenye beseni nilipokuwa nafua sare. Ulisimama ukitazama povu. "Mama mdogo, nikienda watamwachia mama?"

"Nani watamwachia?"

"Wale wawili. Si Bibi Nuru atakuwa amepata mtu badala ya jina? Basi litakuwa limerudishwa. Wataweza kumuuliza vizuri."

Sauda, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Nilichofanya ni kurudia kusugua kola ileile, sabuni hadi kwenye viwiko. Nilikuona jinsi ulivyokuwa mtulivu. Hukuwa unauliza ili nikuzuie. Ulikuwa umeshaamua kwenda. Ulikuwa umekubali kuondoka kwa Bibi, kwa Babu, kwangu, kwa rafiki zako wote, kwa sababu uliamini kuna mtu amefungiwa na wewe ndiwe utakayemfungulia. Sijawahi kuogopa hivyo katika maisha yangu, hata siku ya kijitabu cha kwanza. Na kilichoniogopesha zaidi ni kwamba kwa dakika nzima nilijiuliza kama labda una haki.

Leo adhuhuri nilimfuata Bibi Nuru. Alikuwa peke yake jikoni kwetu anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hiyo ni shikamoo ya tatu leo. Mpaka magharibi utakuwa umenizeesha."

"Nina neno."

"Sema, mwalimu mdogo."

Nilisema huku nimeushika mlango. "Siku ile ya msiba ulisema hakujua kama anaitwa yeye."

Mikono yake ikasimama. "Nilisema?"

"Ulisema. Sauda alikusikia. Anakwenda makaburini kumwita mama yake kwa jina lako. Na anafikiri anakwenda Bungu ili mama yake aachiwe."

Ungo ulibaki mapajani, hata inzi aliyetua kwenye mchele hakumfukuza. Nilidhani atanifokea. Akasema, "Yarabi," kisha akasema tena, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokivunja bila kujua.

"Hadija, nilipigiwa simu alfajiri. Gari likakwama. Nikashuka nikatembea, viatu mkononi, nikiteleza kama mlevi, mpaka nilipopata pikipiki. Nafika, mmeshazika. Nauliza, naambiwa hata jina langu halikutajwa. Nilitaka kumpiga mtu. Mkono ukakataa kuinuka, nikatumia mdomo. Nilitaka baba yako aumie. Mimi najua nini habari za kaburini? Nimewahi kwenda nikarudi?"

"Kwa hiyo hukuwa na uhakika."

"Nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

Aliutazama ungo. "Sasa nina aibu. Rukia aliitwa mtoto wa Mwanaidi tangu anatambaa. Shuleni, zahanati, bombani, kote. Siku ile wangesema binti Nuru, ndiyo angegeuka kuuliza, huyo nani?" Akacheka, na kile kicheko sikutaka kukitazama. "Baba yako alikosea jina, lakini ni jina ambalo mtoto alilizoea kuliitikia. Mimi nalijua hilo. Nililijua hata siku ile. Ndiyo maana liliniuma."

Mimi sikuwa nimewaza hivyo hata mara moja. Masika yote na kiangazi chote nimekuwa nikimwona mama yako amekaa gizani anasubiri jina, na aliyenionyesha upande wa pili ni yuleyule aliyeniwekea picha ile kichwani.

Nikamuuliza kwa nini basi anakutaka.

"Kwa sababu wa kwanza sikumwona akikua," akasema. "Huyu namtaka nimwone. Lakini hatanifuata kama mbuzi wa kafara. Mwambie. Asipotaka, kesho nitapanda gari peke yangu na sitamlaumu mtu. Na wewe, hivyo vitabu vyako vyote vina picha za moto. Hakuna hata kimoja chenye picha ya bustani?"

Nikasema wachoraji labda hawajui kuchora bustani. Akasema waje Bungu wafundishwe.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu ulikuwepo, ila nataka uyaone kutoka nilipokuwa mimi. Alikuomba umpeleke makaburini. Ulitangulia bila kumtazama, mimi nikafuata kwa mbali. Nilikuona umesimama kando, umekaza mabega, ukingoja asikike anasema "binti Nuru" kwa sauti ambayo ingefika chini. Yeye akatoa salamu. Akasema, "Rukia, siku yako ya kuzikwa nilisema neno baya. Nisamehe." Kisha akainama akaanza kung'oa majani.

Ukamuuliza, "Mbona hukutaja jina lako?"

"Sikuja kujitaja," akasema. "Nimekuja kumsalimia. Shika hiki kisiki uvute."

Ulivuta. Lakini mliporudi uso wako ulikuwa umefunga, na tangu hapo amekuita mara mbili na hujamwitikia. Amekuita umletee kuni, ukapita. Amekuita uje akusuke, ukaenda bandani kwa mbuzi. Nimewaza sana kwa nini. Nadhani uliingia kule ukiwa na kazi kubwa kuliko zote duniani, na ukatoka umeambiwa haikuwepo. Mtu akikuondolea mzigo ghafla unayumba. Mimi nimewahi kuyumba hivyo.

Kwa hiyo nakuambia kwa kuandika nilichoshindwa kukuambia kwenye beseni. Huendi kumfungulia mama yako. Hakuna mlango wa huko unaofunguliwa na mtoto wa darasa la nne, wala na Babu, wala na Maalim. Anayeweza kumrehemu mama yako alimjua kabla ya sisi kumpa jina lolote. Wewe unaweza kumwombea, na hilo utaweza popote, hata Bungu, hata ukiwa ndani ya gari unapoteremka Mombo. Zaidi ya hapo hudaiwi kitu.

Kama bado unataka kwenda kwa sababu ile, usiende. Niambie leo, hata kwa kutikisa kichwa tu, nami nitasema mbele ya Babu. Naapa nitasema, japo unajua sauti yangu ilivyo mbele ya Babu.

Na nikwambie kweli yote. Nilipotoka jikoni nilitaka kukimbia nikakwambie, kataa. Nilishapanga hata maneno. Ningekwambia Bungu kuna baridi kuliko huku, ningekwambia huko hujui mtu. Kisha nikaona kwamba ningekuwa nakutisha tena, mara hii ili unibakie mimi. Nimekutisha vya kutosha. Bibi Nuru ana miguu iliyopasuka na mdomo mkali, na amekaa peke yake miaka mingi kuliko umri wangu. Ukimwambia neno atakujibu. Muulize unachotaka, hata habari za kaburi. Atakwambia hajui, na nimegundua leo kwamba mtu mzima akisema hajui huku anachagua mchele, hofu inapungua kuliko ukisoma kurasa mia.

Mimi bado naogopa, Sauda. Sitaki ukue ukadhani mama yako mdogo alipona kwa alasiri moja. Naogopa kulala kaburini, naogopa swali la kwanza, naogopa kwamba nitanyamaza. Naogopa kesho gari likikata kona zile za kushuka. Lakini mama yako alicheka kwenye jiwe akiwa amelowa, na sasa nadhani alikuwa ameyafikiria mambo haya sawasawa na mimi, ila hakuyaacha yamzuie kunivuta mtoni. Ukipata hofu huko, usiende nayo makaburini peke yako. Ipeleke jikoni alipo mtu.

Bibi Nuru anaita. Namsikia kupitia ukutani. "Sauda. We Sauda, njoo ule, viazi vinapoa."

Kimya. Bibi naye amenyamaza, na Babu amezima redio. Nimeinua kalamu. Sijui uko wapi, bandani au mlangoni, na ninaandika haya ili nisisimame kukutafuta.

Bibi Nuru ameita tena, bila kupandisha sauti.

"Abee, Bibi," umesema. "Nakuja. Nanawa mikono."

Mama yako mdogo,
Hadija